Barua ya rejista: ukitia sahihi umekubali nini?

"Assalaam aleikum. Nina duka la leso na udi Langoni, hapa Amu, mji wa Lamu. Huu ni mwaka wa sita nimelipanga, na hatuna mkataba wa maandishi. Mwenye duka anaishi Malindi. Wiki iliyopita, kwenye sanduku la posta la shule tunamopokelea barua, nilikuta kikaratasi chenye jina langu, kwamba niende kaunta nikachukue barua ya rejista. Jirani yangu ananikataza, anasema nikitia sahihi nitakuwa nimekubali kuhama. Kijana wangu naye anatucheka sote, anasema mambo ya sahihi yamepitwa na wakati, huko Ulaya posta ziliyaacha tangu korona. Nani kasema kweli? Na kwa nini Posta isitupe barua hizi kama inavyotupa zile nyingine?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Kaichukue barua hiyo, na uende kesho asubuhi. Sababu nitazieleza moja moja, lakini safari ya kaunta isingoje umalize kusoma.

Jirani yako kachanganya sahihi mbili. Iko ile inayowekwa chini ya mkataba, ambayo maana yake ni kwamba haya nimeyasoma na nimeridhia. Na iko ile ya posta, ambayo inasema tu: bahasha hii, yenye namba hii, nimeipokea mimi, siku hii. Karani anayekupa hajui kilichomo wala haruhusiwi kuifungua, na wewe unaposhika kalamu bado hujasoma hata herufi moja. Vipi uridhie usichokijua? Bahasha iwe na notisi ya kuhama, iwe na kadi ya harusi, iwe na gazeti kuukuu lililokunjwa, sahihi ya kaunta ni ileile.

Tena upungufu huo humuumiza zaidi aliyetuma kuliko wewe. Sahihi yako haithibitishi kilichokuwa ndani ya bahasha. Ndiyo sababu mawakili huandika juu ya barua yenyewe maneno "Kwa rejista", wakati mwingine pamoja na namba, kisha huweka nakala na risiti ya posta pamoja katika faili. Bila hivyo, mpokeaji aweza kusema alikuta karatasi tupu, na posta haiwezi kumjibu.

Sasa tuone kwa nini barua hii haikuwekwa tu kwenye sanduku. Barua ya kawaida ikishabandikwa stempu haina jina njiani. Inaingia guniani pamoja na nyingine, na ikipotea hakuna anayeweza kusema ilipotelea wapi, maana haikuhesabiwa peke yake. Ya rejista hupewa namba tangu kaunta ya kwanza, na kila inapohama mkono huandikwa: aliyeipokea kwa mtumaji, aliyeifungia kwenye mfuko, aliyeufungua mfuko huo, na hatimaye wewe. Bahasha kutoka Malindi kuja kwetu kisiwani, hata ikifika gati la Mokowe upande wa bara, bado ina maji ya kuvuka. Sahihi yako ndiyo pingili ya mwisho ya mnyororo huo. Ikikosekana, posta haiwezi kufunga hesabu, na barua huhesabiwa kuwa ingali mikononi mwao.

Namba hiyo nayo itazame vizuri kabla ya kwenda, kwa sababu mtu aweza kurudi mikono mitupu kwa kosa la tarakimu moja. Umbo lake limewekwa na Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, ya kwanza ikiwa R kwa rejista, halafu tarakimu 9, halafu KE kama barua imetumwa kutoka Kenya. Tarakimu ya tisa si ya kuhesabia barua, ni ya kukagua zile nane. Chukua namba ya mfano, RR104523677KE. Zile nane za mwanzo, 1, 0, 4, 5, 2, 3, 6 na 7, unazizidisha kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Unapata 8, 0, 16, 10, 6, 15, 54 na 49, jumla 158. Gawa kwa 11, baki ni 4. Toa 4 kwenye 11, unapata 7, na ndiyo hiyo tarakimu ya tisa. Karani akisoma 1 mahali pa 7 kwenye mwandiko mbaya, hesabu inakataa na kompyuta inamwambia namba hiyo si sahihi. Kwa hiyo usiinakili namba kwenye kiganja wala kumtuma mtoto aikariri. Beba kikaratasi chenyewe.

Tuje kwenye jambo lililokutia hofu, yaani tarehe. Hapa ndipo ushauri wa jirani unapoweza kukuponza.

Duka lililopangwa bila mkataba wa maandishi linalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ile inayohusu maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Mwenye duka anayetaka kukutoa, au hata kukupandishia kodi tu, hana budi kutumia fomu iliyowekwa na sheria na kutaja sababu zake. Notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu wewe uipokee. Aweza kukupa mkononi, kumpa mtu mzima wa familia yako, kumpa mfanyakazi wako pale dukani, au kuituma kwa rejista kwenye anwani yako ya mwisho anayoijua. Ikija kwa posta, siku ya kupewa ni ile ya stakabadhi ya posta, siku aliyeichukua alipotia sahihi.

Sasa piga hesabu. Tuseme barua iliandikwa tarehe 3 Machi, ikatiwa posta Malindi tarehe 5, nawe ukaichukua kaunta ya Lamu tarehe 20 Machi. Ndani yake umeambiwa uondoke ifikapo 5 Mei. Mwenye duka labda alihesabu miezi yake tangu siku aliyotia posta. Lakini miezi 2 tangu 20 Machi inaangukia 20 Mei, kwa hiyo notisi yake imepungua siku 15. Ni nini kinachoonyesha upungufu huo? Ile sahihi yako, na tarehe iliyo ubavuni mwake. Sahihi uliyoiogopa inakufanyia kazi wewe.

Najua swali linalofuata. Ikiwa hesabu inaanza nitakapotia sahihi, je, nisipotia kabisa? Kwa sheria hiyo moja hoja ina mashiko kidogo, na siwezi kukuficha. Lakini haifiki mbali. Bahasha ikirudi Malindi na muhuri wa kutochukuliwa, mwenye duka hatakaa akalia. Atampa notisi msichana anayekuuzia dukani, na hesabu itaanza siku hiyo, huku wewe umesafiri na msichana kaiweka chini ya mabunda ya leso. Hapo tarehe itakuwa neno lake na neno la msichana wako.

Zaidi ya hayo, hujui kama ni notisi ya duka. Barua nyingine nyingi huja kwa rejista, na zipo sheria zisizojali kama ulitia sahihi. Sura ya 2, ambayo inaeleza namna ya kusoma sheria nyingine, inasema kwamba pale sheria inaporuhusu hati kupelekwa kwa posta, hati huhesabiwa imefika ikiwa iliandikwa anwani vizuri, ikalipiwa na kutumwa kwa rejista kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Siku ya kufika ni siku ambayo ingefika kwa mwendo wa kawaida wa posta, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Mwendo wa kawaida wa posta kuja Lamu ni upi, hilo nalo ni la kubishaniwa. Kuna nyakati magari ya Garsen kuja huku yalisafiri kwa msafara wa polisi, na kalenda ya mtu aliyekaa Nairobi haikulijua hilo. Ila mtu hawezi kubisha tarehe ya barua aliyoiacha rafuni.

Wanaoumia zaidi kwa mchezo huu ni waliokopa benki kwa dhamana ya shamba au nyumba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 mkopaji aliyeshindwa kulipa hupewa notisi ya angalau miezi 3, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, kisha dalali naye hutoa siku zake 45. Ni muda mrefu, mtu aweza kuongea na benki, kuuza mwenyewe kwa bei nzuri, au kwenda mahakamani. Lakini karatasi nyingi za dhamana zina kifungu kinachosema barua ya rejista huhesabiwa imepokelewa siku kadhaa baada ya kutumwa. Aliyekwepa kaunta mara tatu hushtukia dalali mlangoni, na anapolalamika kwamba hakuambiwa, benki hutoa risiti tatu za posta.

Kwa hiyo nenda. Chukua kitambulisho chako chenyewe, si nakala, na kile kikaratasi. Karani akikuletea bahasha, usikimbilie kalamu. Linganisha namba ya bahasha na ya kikaratasi, halafu na ya mstari unaotakiwa kutia sahihi. Igeuze, usome jina la mtumaji. Tazama kingo: kama gundi imebanduliwa ikabandikwa tena, au kuna utepe juu ya mpasuko, mwambie karani aandike hali hiyo kwenye kumbukumbu zake kabla hujatia sahihi, kwa sababu ukishasaini bila neno ni kama umesema ilikuwa nzima. Kisha andika jina lako kwa herufi kubwa, namba ya kitambulisho, na tarehe. Tarehe iandike kwa mkono wako. Usikubali kusaini kwanza "karani atajaza baadaye", hata kama ni mtu mnayefahamiana na foleni ni ndefu. Mstari ulioachwa wazi hujazwa tarehe ya siku yoyote. Piga picha ya bahasha pande zote mbili, muhuri wa posta uonekane, ndipo ufungue. Hesabu kurasa papo hapo.

Na bahasha usiitupe. Watu hutunza barua wakawashia jiko bahasha, ilhali muhuri wa siku iliyotumwa umo kwenye bahasha.

Asiyejua kuandika huweka alama ya kidole gumba, na hapo ni vizuri awepo shahidi atakayeandika jina lake pembeni. Ukimtuma mtu, mpe barua ya kumruhusu yenye majina na namba za vitambulisho vya nyote wawili, pamoja na kitambulisho chako. Waweza pia kuikataa barua ukiwa kaunta, ni haki yako. Itaandikwa kwamba umeikataa na kurudishwa kwa mtumaji. Sikushauri. Kukataa nako huandikwa, na mbele ya hakimu husomeka vibaya kuliko kupokea.

Sasa zamu ya kijana wako, ambaye hajakosea kabisa. Uingereza ilianza barua za rejista mwaka 1841, na mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, posta ya kule iliacha kumpa mpokeaji kifaa cha kusainia. Mleta barua akawa anaandika jina mwenyewe. Marekani ilifanya jambo linalofanana. Ujerumani hata kabla ya hapo ilikuwa na rejista za aina mbili, moja ya kukabidhi kwa sahihi ya mpokeaji, nyingine ya kutumbukiza kwenye sanduku la mlangoni na mleta barua kujisainia mwenyewe. Denmark imekwenda mbali zaidi: posta yake ya taifa iliacha kupeleka barua mwishoni mwa 2025.

Lakini angalia Ujerumani ilivyofika. Januari 2025 mahakama yake kuu ya mambo ya kazi ilikataa ushahidi wa mwajiri aliyedai barua ya kufukuza kazi ilitumbukizwa sandukuni. Alikuwa na risiti ya kutuma na maneno ya kwenye mtandao kwamba imefikishwa. Hakuwa na nakala ya karatasi aliyoisaini mleta barua. Mahakama ikasema hayo hayatoshi. Sahihi walidhani imezeeka, na iliposhindaniwa kazi ya mtu, ikatafutwa tena.

Pia hoja ya kuiondoa ilizaliwa kwenye nchi ambazo barua huletwa mlangoni. Mleta barua anagonga, anasubiri, hakuna mtu, anaondoka na bahasha, kesho anarudi. Sahihi humla muda, na wakati wa ugonjwa ilimhatarisha. Kwetu hakuna anayezunguka vichochoro vya Mkomani akigonga. Barua huishia sandukuni, na ya rejista huishia kaunta, ambako wewe ndiye unayekwenda. Sahihi inakula sekunde chache ambazo ungekuwa umesimama pale vyovyote vile.

Halafu liko sanduku lenyewe. Wewe unatumia la shule. Mwingine hutumia la msikiti, la chama cha wavuvi, la tajiri wake. Funguo ziko mikononi mwa watu wanne watano. Ulaya sanduku ni la nyumba moja. Hapa sanduku moja laweza kuwa la mtaa mzima. Barua ya rejista ikitumbukizwa humo bila sahihi, mwenye duka wako atasema imefika, na kwa maana fulani atakuwa mkweli, nawe hutaiona. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha: barua za kawaida ziende bila sahihi kama zinavyokwenda, lakini barua inayoweza kumtoa mtu dukani au shambani ikabidhiwe kwa mkono na mkono uandikwe.

Ninachokiona kimepitwa na wakati ni kutegemea ule mchoro peke yake. Sahihi iliyochorwa kwa kidole kwenye kioo hufanana na mkwaruzo wa kuku, hakuna mtaalamu wa mwandiko atakayeapa kwayo. Kinachoshika ni jina linalosomeka, namba ya kitambulisho, tarehe na saa. Makampuni ya vifurushi hutuma namba ya siri kwenye simu, uisome ndipo upewe mzigo. Ni nzuri, mpaka simu iwe mkononi mwa mtoto, au laini iwe imesajiliwa kwa jina la shemeji. Na kumbukumbu za kompyuta, ukizipeleka mahakamani Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka ziambatane na cheti cha aliyehusika na mtambo uliozitoa. Picha ya skrini ya simu peke yake huzua mabishano.

Mahakama zenyewe zilikwisha songa. Tangu marekebisho ya 2020 ya kanuni za kesi za madai, hati ya kukuita mahakamani yaweza kuletwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe za simu, na hakuna anayekuomba sahihi. Kwa hiyo aliyejificha kaunta ya posta huku WhatsApp yake inaonyesha tiki mbili za buluu hajajificha popote.

Ukishaifungua, kama ni notisi ya duka, una mwezi 1 tangu uipokee kumjibu mwenye duka kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Usimjibu kwa simu. Jibu lako nalo litume kwa rejista, na uhifadhi risiti. Kisha, kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye notisi, peleka shauri kwenye baraza linaloamua kesi za kodi za majengo ya biashara. Fanya hivyo hata kama fomu si ile, au siku ni pungufu kama za mfano wangu. Usitegemee kwamba upungufu peke yake utaifuta notisi, ufikishe mbele ya wenye kuamua. Ukinyamaza mpaka tarehe ipite, notisi huweza kusimama.

Hapo ndipo pa kumwona mtu uso kwa uso. Mtafute wakili, na kama huna uwezo, uliza kwenye masjala ya mahakama ya Lamu au Malindi kuhusu huduma ya taifa ya msaada wa sheria. Mpelekee barua, bahasha, kile kikaratasi cha kuitwa posta, picha ulizopiga, na ushahidi wa kodi uliyolipa miaka yote sita. Kama ulikuwa unalipa kwa M-Pesa, omba taarifa ya malipo sasa. Na kama mtumaji atakuwa benki au mahakama badala ya mwenye duka, usingoje wiki, nenda siku hiyohiyo.

Kwenye sanduku la shule, mwombe mwenye ufunguo aandike tarehe nyuma ya kila kikaratasi siku anapokikuta. Cha kwako kilikaa humo siku ngapi kabla hujapewa? Uliza leo, akiwa bado anakumbuka.